Unga wa Kijani na Ushuhuda wa Mama

Mwaka ule Mama alianza kukaa chini njiani. Alikuwa akitoka shamba la muhogo, ambalo si mbali na nyumba yetu pale Mwello, na kabla hajafika nusu ya njia anatua jembe, anakaa kwenye nyasi na kungoja dunia iache kuzunguka. Majirani walimpita wakamsalimu, naye akaitikia kama mtu aliyekaa kwa starehe zake akitazama magugu ya wenzake. Mimi nilikuwa Busia, nafundisha Kiswahili katika shule ambayo wanafunzi wake wamekinywa Kiswahili cha mpakani pamoja na maziwa ya mama na hawaoni kwa nini walipishwe karo ili wafundishwe tena. Kwa hiyo habari za nyumbani nilizipata kwa simu, tena nusunusu. Mama alisema ni uzee. Jirani yake alisema ni udongo, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kumega kichuguu na kutafuna kama mwanamke mwenye mimba.

Dada yangu mkubwa alisema ni sumu mwilini.

Huyu dada lazima nimweleze kidogo. Anakaa Tororo mjini, upande wa Uganda, na kwa miaka mingi alikuwa na duka la kushona sare za shule. Wazazi walimjia na watoto wao, wakagombana naye juu ya urefu wa sketi, wakaenda. Siku moja mwanamke mmoja wa kanisani kwao alimwalika nyumbani kunywa chai. Dada alirudi kutoka kwenye chai hiyo akiwa na kopo la unga wa kijani na maneno mapya. Kabla ya chai ile dada hakujua kama ana seli. Baada ya chai, seli zake zilikuwa zimechoka, zimeziba, zinalia usiku na mchana zikiomba kufunguliwa. Cherehani zikapewa mlango wa nyuma, na mbele ya duka ikapangwa rafu ya makopo, kahawa ya uyoga, dawa ya meno ya chai na sabuni inayotoa mikosi ya ngozi.

Kampuni sitaitaja. Makampuni haya ni mengi pande zote mbili za mpaka, yana majina yanayofanana na ya sayari au ya manukato, na yote huuza unga uleule wa kijani. Lakini wana vyeo, na vyeo vyao ni vya mawe ya thamani. Anayeanza ni Lulu. Akileta watu anakuwa Yakuti. Akileta watu ambao nao wameleta watu anakuwa Almasi, na hapo, walimwambia dada, hatahitaji tena kufanya kazi. Wakati Mama anaanza kukaa chini njiani, dada alikuwa Yakuti mwenye mwendo wa kuelekea Almasi.

Basi akamwita Mama Tororo akapimwe. Nami nikaenda, maana ilikuwa Jumamosi na nilitaka kumwona.

Hatukwenda hospitali. Tulikaa sebuleni kwa dada, kwenye makochi yenye vitambaa, tukamngoja mtu aliyemwita Kocha. Kocha alikuwa kijana wa suti ya bluu kutoka upande wa Kenya, mwenye sauti nzuri na viatu ambavyo vumbi la Malaba mpakani lilikuwa limeshindwa kuvigusa. Alifungua kompyuta yake mezani, akaunganisha kisanduku chenye waya, na mwisho wa waya kulikuwa na kipande cha chuma kama mpini wa mwiko.

"Mama yetu, shika hapa," alisema. "Usiongee, usipandishe mguu juu ya mguu. Mashine itasoma mwili wote kuanzia nywele mpaka ukucha."

Mama anasikia Kiswahili ila hapendi kukizungumza. Akashika kile chuma, akakaza macho ukutani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwenye kompyuta ikatokea sura ya mwanadamu asiye na ngozi, na kando yake vipimo vyekundu na vya manjano vikawa vinapanda na kushuka. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono imekunjwa kwa sala.

Kocha alisoma kwa huruma. Figo za Mama zilikuwa zimechoka. Ini lilikuwa na mafuta. Mifupa ilikuwa inavuja madini. Ubongo haukupata hewa ya kutosha, na macho yalikuwa yamepungukiwa na kitu ambacho hata yeye alikitamka polepole. Kila alipotaja kiungo, dada alitikisa kichwa kama anayesikia habari za ndugu wa mbali aliyefilisika.

"Lakini kuna jambo la kumshukuru Mungu," Kocha akamalizia. "Damu. Damu ya mama iko poa kabisa. Ni kama ya msichana."

Mama akaniuliza kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, kama hicho chuma kimeuliza anakula nini. Nikatafsiri. Kocha akacheka kwa adabu na kusema wazee wa siku hizi wana mambo. Kisha akanipa na mimi nishike. Figo zangu nazo zilikuwa zimechoka, na ini langu lilikuwa na mafuta kiasi kilekile. Nikamuuliza kama figo za ukoo mmoja huchoka pamoja. Akasema hilo ni swali zuri sana, akafunga kompyuta.

Mama alirudi Mwello na kopo la unga, na paketi za kahawa ya uyoga. Mimi nilipewa kahawa hiyo palepale sebuleni kwa dada, na ninaweza kusema ina ladha ya kahawa ambayo mtu ameoshea uyoga ndani yake. Unga ulikuwa zawadi, dada alisema, kwa sababu huwezi kumwuzia mama yako uhai. Ila alimwomba akipona asisite kusema.

Mama alikoroga unga kama alivyoelekezwa, asubuhi kabla ya kula. Maji yakawa rangi ya bwawa. Akanywa. Kesho yake akanywa tena, kisha tumbo likamkimbiza msalani hadi mlango wa choo ukaanza kumzoea. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nikampigia dada.

"Hiyo ni habari njema," dada alisema. "Sumu zinatoka."

"Na kama asingeharisha?"

"Ingekuwa mwili umeupokea."

"Na akitapika?"

"Sumu za juu."

"Akivimba miguu?"

Nikasikia dada anavyonisikitikia. "Wewe umesoma sana," alisema. "Ndiyo maana seli zako zimefunga."

Nimefikiri mara nyingi juu ya mazungumzo yale, kwa sababu mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kumwambia mtu kwamba jibu lake si sahihi. Katika elimu ya dada hapakuwa na jibu lisilo sahihi. Ukipona ni unga, ukizidiwa ni unga unafanya kazi, na ukifa, nilikuja kusikia baadaye katika msiba mmoja kule Malaba, ni kwamba hukumaliza dozi. Ningependa kusahihisha mitihani kwa mtindo huo. Shule yetu ingeongoza wilaya nzima.

Shule zilipofungwa nilimleta Mama kwangu Busia. Nilimkuta amepauka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga wa muhogo, na ndani ya mfuko wa gauni alikuwa na tonge la udongo lililofungwa kwenye kitambaa. Nilipomwuliza aliniambia ni kwa ajili ya harufu tu. Asubuhi yake tukapanda pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia kiunoni, tukaenda hospitali ya Masafu.

Hospitali ya serikali haina sebule. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wanawake waliobeba watoto na wanaume waliobeba miguu yao. Hakuna aliyetuita familia wala aliyetuahidi kitu. Mstari ulikwenda kwa kasi ya kobe anayefikiria kurudi, na Mama akapata nafasi ya kufahamiana na benchi zima. Kando yetu mama mmoja kijana alikuwa anamlisha mtoto wake siagi ya karanga kutoka kwenye kipaketi, ile wanayowapa watoto waliokonda. Mtoto alikuwa ananyonya kile kipaketi kwa macho mawili makali kama wakili. Mama akamuuliza yule mwanamke kama inasaidia. Akasema, "Mama, huyu nilimleta hapa anakufa. Sasa ananiuma vidole."

Tulipoingia, musawo, kama tunavyowaita huku wote wanaovaa koti jeupe, alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana hajalala. Alishika kiganja cha Mama, akavuta kope ya chini ya jicho lake, akaangalia ndani.

"Mama, unakula udongo?" akauliza.

Mama akanigeukia kwa hasira, akidhani nimemsengenya. Nikaapa kwamba sijasema neno. Musawo akamtuma maabara, wakamtoboa kidole, wakamtaka na choo, jambo ambalo Mama alilichukulia kama dharau mpaka nilipomkumbusha kwamba unga wa dada ulikuwa umechukua choo kingi zaidi bila kuomba ruhusa. Majibu yalirudi mchana. Damu yake ilikuwa chini sana. Ilikuwa inanyonywa na minyoo ya safura, ile inayoingia kwa nyayo mtu akilima peku katika udongo wenye unyevu. Ule mwili ambao mashine iliupekua kutoka nywele mpaka ukucha ulikuwa na kitu kimoja tu kibaya, na ndicho kitu kimoja mashine ilichokisifu.

Musawo alimpa dawa ya minyoo, na tembe za kuongeza damu za rangi ya matofali, zimefungwa kwenye karatasi. Akamwambia avae viatu vya mpira shambani, ale maharage, mboga za majani na dagaa, na asinywe chai pamoja na chakula. Akamwonya kwamba choo kitakuwa cheusi, asiogope. Yote hayo aliyasema akiandika, bila kuinua uso, kisha akamwita mwingine.

Nilikuwa nimejiandaa kuwacheka watu wote wanaomeza kitu kisichopikwa jikoni, na hapo ikabidi nijishike. Tembe zile za rangi ya matofali, ukizitazama vizuri, ni ndugu wa makopo ya dada. Ni madini. Siagi ya karanga ya yule mtoto nayo ni unga uliotiwa vitamini kiwandani. Vitu hivyo vinafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Tofauti ni kwamba kule Masafu mtu alitafuta kwanza kilichopungua, akakuta, akatoa hicho tu, akasema lini uache. Hakuna aliyempigia makofi. Nafikiri ndiyo sababu watu hawaiamini hospitali. Dawa ambayo haijaimbiwa, haina kopo linalong'aa, na anayekupa hajui hata kutabasamu, itakuwaje na nguvu?

Mama alimeza tembe zake kwa utii, ila viatu vya mpira alivikataa. Alisema ataonekana kama mgambo. Nikamnunulia vya rangi ya waridi sokoni, vilivyovuka mpaka pamoja na sufuria, akavikubali kwa sababu hakuna mgambo angethubutu kuvivaa. Baada ya wiki kadhaa viganja vilianza kupata rangi. Aliacha kunusa udongo. Siku moja jirani akanipigia kunilalamikia kwamba Mama amelima mpaka amevuka mpaka wa shamba lake, nikajua amepona.

Dada naye alisikia. Alikwenda Mwello na simu yake, akampiga Mama picha amesimama mbele ya nyumba, amevaa gomesi, gauni lake la Pasaka, na midomo aliyomlazimisha kupaka mafuta. Sikujua ni ya nini. Nilijua siku iliyofuata, wakati mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye hajui kwetu ni wapi, aliporusha ujumbe kwenye kundi la walimu. Zilikuwa picha mbili zimebandikwa pamoja. Katika ya kushoto alikuwa mwanamke mzee amefungua mdomo, jicho moja limefumba, kama amekwisha kufa lakini hajaarifiwa. Katika ya kulia alikuwa yuleyule ndani ya gomesi. Chini iliandikwa: Bibi wa kijijini apona figo, ini, mifupa na macho.

Picha ya kushoto ilikuwa ya ile Jumamosi Tororo. Mama alikuwa anapiga miayo.

Nikampigia dada. "Mama alitibiwa Masafu," nikasema. "Alikuwa na minyoo."

"Najua. Sijakataa. Lakini jiulize, zile tembe zingeingia wapi kama seli hazikufunguliwa?"

"Zilifunguliwa na nini?"

"Unga."

"Aliunywa siku mbili."

"Unaona sasa nguvu yake," dada alisema.

Nilikwenda Mwello nikamwonyesha Mama ujumbe huo, nikitumaini atakasirika kwa niaba ya ukweli. Alikasirika kwa niaba ya miayo. Aliitazama picha ya kushoto kwa muda mrefu, akauliza ni watu wangapi wameiona. Nikasema ikishaingia kwenye simu haihesabiki, pengine hata madereva wa malori walioko kwenye foleni Malaba wameiona. Akasema, "Vizuri. Dada yako amenialika kwenye mkutano wao hukohuko Malaba niseme ushuhuda, nami nilikuwa nimekataa. Sasa nitakwenda. Wewe utanitafsiria."

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa mikutano karibu na barabara ya malori. Walikuja watu wa Uganda na watu wa Kenya, wakakaa wamechanganyika, kwa hiyo lugha ilikuwa Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na meza ya makopo yaliyopangwa kama madhabahu. Kocha alivaa suti nyingine. Kabla ya yote tuliambiwa tumgeukie jirani, tumwambie, "Afya yako ni utajiri wako." Mama alimgeukia jirani yake, mwanamume mwenye kitambi, akamwambia kwa Kidhopadhola kwamba angepunguza kula. Yule mwanamume akaitikia, "Na wewe pia, mama."

Ushuhuda ukaanza. Dereva mmoja wa lori alisema alikuwa na mgongo unaouma tangu anaanza kazi, akanywa kahawa ya uyoga, na sasa anaweza kukaa kwenye foleni ya mpakani mpaka aote mizizi. Wakala mmoja wa forodha alisema mke wake alikuwa anamdharau, hakufafanua, akapigiwa makofi kuliko wote. Mwanamke mmoja alisema meno yake yalikuwa yanatikisika, yakakaza. Baada ya kila mmoja Kocha aliuliza, "Familia, mmeskia?" nasi tukajibu kwamba tumesikia.

"Sasa nawaletea mama yetu," alisema Kocha, "aliyetoka Mwello kwa miguu yake mwenyewe."

Tulikuwa tumemleta kwa gari la dada. Mama akasimama, akashika kipaza sauti kama alivyokuwa ameshika kile chuma, nami nikasimama kando yake. Dada alikuwa mstari wa mbele, simu juu, anarekodi.

Mama alisema sentensi, nikaitafsiri, akasema nyingine. Sikuongeza wala sikupunguza.

"Nawasalimu. Mimi ndiye yule wa picha. Katika ile picha mbaya sikuwa nakufa, nilikuwa nasikia usingizi."

Watu wakacheka kidogo.

"Nilikuwa mgonjwa kweli. Nilikuwa nakula udongo. Binti yangu huyu mkubwa, ambaye ananipenda, alinipa unga wa kijani. Nikanywa. Nikaharisha mpaka nikawakumbuka marehemu wazazi wangu. Nikaacha. Kopo nimetilia chumvi, ni kopo zuri. Huyu mdogo akanipeleka Masafu. Walinitoboa kidole, wakakuta minyoo inakunywa damu yangu. Wakanipa dawa ya minyoo na dawa ya damu, na sikulipa kitu. Nikapona. Ule unga uko nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Anayeutaka aje auchukue, lakini kopo silitoi."

Akanirudishia kipaza sauti, akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Feni ya darini ilikuwa inazunguka kwa kelele, na nje lori lilikuwa linajaribu kurudi nyuma. Dada alikuwa ameteremsha simu mapajani. Mimi, sitaficha, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeona mtihani mgumu ukijibiwa vizuri. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kocha alikuja polepole, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akangoja mpaka ukumbi wote ukamtazama. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeguswa.

"Mmeskia, familia? Siku mbili. Wengine wenu mnakunywa mwezi mzima. Mama huyu alikunywa siku mbili tu, mwili ukajisafisha wote, wote, mpaka dawa za hospitali zikapata njia ya kupita. Mimi sijawahi kusikia ushuhuda kama huu. Hata hospitali imekuwa shahidi wetu."

Wakapiga makofi. Walisimama, wakapiga tena. Mwanamume wa kitambi alifuta macho. Mama akaniuliza wanashangilia nini, nikamwambia wanamshangilia yeye. Akasema basi wamesikia.

Wakati wa chakula watu walipanga mstari kwenye meza ya makopo. Mwanamke mmoja alinishika mkono. "Mwalimu," alisema, "hii ya kunywa siku mbili, iko na paketi ndogo? Mimi sina haja ya kopo mzima." Nikamwambia aende Masafu akapime damu. Akanijibu kwamba Masafu ni mbali, na kule hawakupi kuku. Hilo sikuweza kulipinga, kwa maana wote wawili tulikuwa na mapaja ya kuku mikononi.

Jioni tulirudi, dada akiendesha, Mama mbele, mimi nyuma. Dada aliyapita malori ya foleni moja baada ya jingine. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima kuhusu uongo, na nilikuwa bado natafuta mahali pa kuanzia, aliposimamisha gari kando ya barabara na kuegemeza kichwa kwenye usukani.

"Umeumia kwa niliyosema?" Mama akamwuliza.

"Hapana. Kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Kinapiga huku nyuma."

Mama hakuuliza juu ya seli. "Tembe zako za presha ziko wapi?"

Dada ana presha tangu alipomzaa mtoto wake wa mwisho, na sote tulijua anameza tembe. Aligeuza uso dirishani, nikajua jibu kabla hajalitoa. Alisema aliziacha polepole. Walimwambia tembe za hospitali ni sumu, zinafunga mwili, na kwamba chai fulani katika rafu ile inashusha presha yenyewe. Alisema Yakuti hawezi kusimama mbele ya watu kuuza chai ya presha huku yeye mwenyewe anameza tembe. Ingekuwa unafiki.

Ile hotuba yangu ikanipotea yote. Nilikuwa nimemwona kama mwizi mwenye heshima, kumbe alikuwa mteja wake mwenyewe wa kwanza, na aliyedanganywa kuliko wote. Kocha alirudi kwake na suti yake na moyo wake mzima. Aliyebaki na kichwa kinachopiga ni mwanamke aliyeamini kila alichouza.

Mimi ndiye niliyeendesha mpaka Tororo. Tulimpeleka kliniki karibu na soko. Nesi alifunga kitambaa cha kupimia presha mkononi mwake, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena kama asiyeamini, akamwita daktari. Hawakumwachia aondoke mpaka dawa ilipoanza kushusha. Tulikaa naye, na Mama akamvua viatu, akamsugua nyayo kama mtoto.

"Miaka yote ya sare," dada alisema, macho kwenye dari, "hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Nimeshonea nusu ya watoto wa mji huu. Walikuja kuniambia vifungo vimetoka."

Mama akamwambia, "Vifungo vyako vilikuwa vinatoka kweli." Dada akacheka, na nesi akamkataza kucheka.

Tangu siku ile anameza tembe zake. Mama alihakikisha kwa kumpigia simu kila asubuhi na kumwamuru ameze akiwa hewani, asikie anavyogugumia maji. Presha ilishuka, kichwa kikatulia, hata uso ukarudi ule wa zamani. Nilidhani rafu ya makopo itaondolewa. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe Kocha kidogo, kwa jinsi mshindi anavyosamehe.

Likizo iliyofuata nilipita dukani kwake. Cherehani zilikuwa bado nyuma. Mbele rafu ilikuwa imeongezwa ya pili, na ukutani kulikuwa na picha mbili za dada mwenyewe zimebandikwa pamoja: moja ya kitanda cha kliniki, sijui nani aliipiga, na nyingine akiwa amesimama kwenye ule ukumbi wa Malaba, kipaza sauti mkononi, mkufu mpya shingoni.

"Nimepanda," alisema. "Almasi."

"Kwa ushuhuda gani?"

"Wa presha. Imeshuka, si uliona mwenyewe?"

"Dada, uliwaambia unameza tembe?"

"Niliwaambia," alisema, na alikuwa amenitazama usoni bila aibu yoyote, kwa maana alikuwa anasema kweli. "Nimewaambia wote wasiache tembe zao. Nimewaambia wazimeze na chai."

Kisha akanipa kiti, akaweka maji ya chai jikoni.